Karatasi ya Tatu: mwongozo wa Fasihi ya Kiswahili ya KCSE kwa watahiniwa wa Nyanza, Magharibi na Nakuru

Katika alama 200 za Kiswahili cha KCSE, fasihi peke yake imebeba 80. Karatasi ya Kwanza, ile ya insha, ina alama 40. Ya Pili, ya lugha, ina 80. Ya Tatu, yaani 102/3, nayo ina 80. Mwanafunzi anayesema "sarufi naiweza, fasihi itajisimamia" ameweka rehani zaidi ya thuluthi ya somo zima.

Nafundisha somo hili Kisumu, na nimekaa na wanafunzi kutoka Seme, Vihiga, Busia, na wengine wa Nakuru wanaokuja kwa jamaa zao wakati wa likizo. Tatizo ninalolikuta kwao ni lile lile. Wanasoma miongozo badala ya vitabu, kisha wanaingia chumba cha mtihani na orodha ndefu ya sifa na maudhui wasiyoweza kuyathibitisha. Karatasi ya Tatu hailipi orodha. Inalipa dai lililofungwa na ushahidi, na hatua zote zilizo hapa chini zimejengwa juu ya jambo hilo.

Hatua ya kwanza: ijue karatasi yenyewe

Muda ni saa mbili na nusu. Sehemu ni tano: riwaya, tamthilia, hadithi fupi, ushairi na fasihi simulizi. Unajibu maswali manne, kila moja alama 20. Swali la kwanza ni la lazima. Matatu yaliyobaki unayachagua kutoka sehemu nne zilizosalia, na huruhusiwi kujibu maswali mawili ya sehemu moja. Kwenye sehemu za vitabu mara nyingi utakuta maswali mawili yaliyotenganishwa na neno "au", na hapo unachukua moja tu.

Sasa tafakari maana ya masharti hayo. Swali la lazima halina makao ya kudumu: mwaka mmoja hutoka kwenye ushairi, mwaka mwingine kwenye fasihi simulizi au kwenye kitabu. Nimewasikia wanafunzi wakiambiana bwenini, "Mimi ushairi nimeuacha, nitachukua vitabu vitatu na fasihi simulizi." Hesabu hiyo inakubali pale tu swali la lazima lisipokuwa la ushairi. Likiwa la ushairi, alama 20 zimeondoka kabla kalamu haijagusa karatasi. Na aliyeacha sehemu mbili hana pa kupona hata swali la lazima likimwangukia vizuri, kwa sababu zimebaki sehemu tatu na maswali yanayotakiwa ni manne. Tayarisha zote tano. Uhuru wa kuacha sehemu moja utumie ndani ya chumba cha mtihani, ukiwa umeshayaona maswali.

Vitabu vinavyotahiniwa katika kipindi hiki ni vitatu: riwaya ya Nguu za Jadi ya Clara Momanyi, tamthilia ya Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, na mkusanyiko wa hadithi fupi wa Mapambazuko ya Machweo na Hadithi Nyingine. Orodha hii hubadilishwa baada ya miaka kadhaa. Ukirithi vitabu vya dada au kaka yako aliyemaliza zamani, mwonyeshe mwalimu wako kwanza kabla hujapoteza likizo nzima ukisoma kitabu kilichokwisha kuondolewa.

Mzazi unayesoma haya: kama fedha hazitoshi vitabu vyote pamoja na miongozo yake, nunua vitabu na uache miongozo. Wauzaji wa vitabu vya mkono wa pili huwa navyo, hasa Januari shule zinapofunguliwa, na maktaba za umma za Kisumu, Kakamega na Nakuru zina meza ambapo mtoto anaweza kukaa kutwa bila kusumbuliwa. Hakikisha tu kurasa zote zimo. Hadithi moja ikiwa imechanwa ndani ya mkusanyiko, usishangae ikiwa ndiyo itakayotahiniwa.

Hatua ya pili: soma kila kitabu mara tatu, kila mara kwa shabaha nyingine

Mara ya kwanza soma kama msomaji. Usishike kalamu. Cheka panapochekesha, mchukie anayestahili kuchukiwa, umalize kitabu. Mwanafunzi asiyewahi kuumizwa na mhusika hawezi kumwandikia hoja kumi.

Mara ya pili ndipo daftari linapofunguliwa. Mgawie kila mhusika mkuu ukurasa wake. Kila anapotenda jambo la maana, andika alichotenda, alimtendea nani, wapi, na nambari ya ukurasa. Sifa usiiandike bado. Wanafunzi hushangaa nikiwaambia hivyo, maana wamezoea kuanza na "ni mkarimu, ni jasiri, ni mwenye bidii" halafu wakaanza kutafuta mifano ya kuyashikiza maneno hayo. Anza na matendo. Ukishakusanya matendo saba au manane ya mtu mmoja, sifa zake zitajitokeza zenyewe, na kila moja itakuja na ushahidi wake mkononi.

Mara ya tatu soma kwa maudhui: uongozi mbaya, nafasi ya mwanamke, malezi, ufisadi, mgongano wa kizazi na kizazi, elimu, ulevi. Pitia kitabu kizima ukifuata uzi mmoja tu, kisha rudi ufuate mwingine.

Tamthilia isomeni kwa sauti. Gawaneni wahusika wakati wa prepu au Jumamosi jioni, mtu asome sehemu yake kama anavyodhani ingetamkwa. Maelekezo ya jukwaani, yale yaliyo kwenye mabano, yasomwe pia, kwa kuwa maswali ya mandhari na ya hisia za mhusika hujibiwa humo. Darasa lililoigiza onyesho moja hukumbuka nani alimwambia nani, na hilo ndilo swali la kwanza la dondoo.

Hadithi fupi zina hatari yake. Swali laweza kutoka kwenye hadithi moja pekee, au likakutaka ujadili suala kwa kurejelea hadithi kadhaa. Andaa jedwali dogo: majina ya hadithi upande mmoja, maudhui upande wa juu, na weka alama panapokutana. Jedwali hilo hukaa kwenye ukurasa mmoja na litakuokoa Oktoba.

Hatua ya tatu: dondoo

Swali la dondoo hukupa maneno kutoka kitabuni na kuanza na "Eleza muktadha wa dondoo hili," kwa kawaida alama 4. Alama nne ni mambo manne: anayesema, anayeambiwa, mahali walipo, na sababu au tukio lililozusha maneno hayo. Kila moja ina alama yake, na anayeyajua hawezi kuikosa hata moja.

Nitatumia mfano wa kisa ambacho watoto wengi wa Nyanza wamelelewa nacho, cha Lwanda Magere, shujaa wa Waluo ambaye nguvu zake zilikuwa kivulini. Maadui walimpa mke. Alipougua, alimwagiza mkewe achanje kivuli chake ili kutia dawa, damu ikatoka kivulini, na mke akatoroka usiku kurudi kwao na siri hiyo. Tuseme dondoo ni maneno ambayo mke yule angewaambia watu wake. Mwanafunzi mmoja anaandika: "Ni maneno ya mke akiwaeleza watu siri ya mumewe." Si uongo, lakini ameacha mahali, ameacha tukio, na "watu" hao hatuwajui. Mwingine anaandika: "Msemaji ni mke wa Lwanda Magere. Anawaambia wazee wa jamii yake. Wako nyumbani kwa kina mke. Ni baada ya yeye kutoroka kutoka nyumbani kwa mumewe, alikogundua kuwa kivuli chake kikichanjwa hutoka damu." Sentensi nne fupi, alama nne.

Baada ya muktadha huja mbinu za lugha. Hapa sharti ni kutaja na kuonyesha. Ukiandika "istiari" bila kunukuu maneno ya dondoo yaliyobeba istiari hiyo, umemwachia msahihishaji kazi yako. Tofautisha pia swali linalouliza tamathali au mbinu zilizo ndani ya dondoo na linalouliza mbinu katika kitabu kizima. La kwanza halikuruhusu kutoka nje ya mistari uliyopewa.

Sehemu ya mwisho ya swali la dondoo huwa kubwa, mara nyingi alama 10 au 12, na hukupeleka nje ya dondoo: sifa za msemaji, umuhimu wake, au suala linalodokezwa jinsi lilivyoendelezwa kitabuni. Hapo unahitaji hatua inayofuata.

Hatua ya nne: hoja iliyokamilika

Kwenye maswali ya insha za fasihi, alama 20 mara nyingi hukusanywa kwa hoja zenye alama mbili mbili. Nusu ya hoja ni dai, nusu nyingine ni ushahidi kutoka kitabuni. Turudi kwa Lwanda Magere. "Lwanda Magere ni mwepesi wa kuamini" ni dai lililosimama peke yake. "Lwanda Magere ni mwepesi wa kuamini. Anamfichulia mke aliyetoka kwa maadui siri ya kivuli chake, na mke huyo anaipeleka kwao" ni hoja. Huna haja ya kusimulia vita vyote alivyopigana. Ukiona aya yako imevuka mistari sita na bado inasimulia, simama na ujiulize dai lake liko wapi.

Tahadhari nyingine ni ya hoja zilizojirudia kwa mavazi tofauti. "Ni mkatili", "hana huruma" na "ni katili kwa watoto" vikithibitishwa kwa tukio moja, msahihishaji atazihesabu kuwa hoja moja. Ukitaka hoja kumi, tafuta matukio kumi.

Kisha soma kitenzi cha swali. Taja hudai orodha fupi. Eleza na fafanua hudai maelezo yenye mifano. Thibitisha hukupa dai na kukutaka ulete ushahidi wa kuliunga mkono, kwa hiyo usianze kubishana nalo. Jadili na tathmini hukuruhusu kuonyesha pande zote. Linganisha na ulinganue hudai yanayofanana na yanayotofautiana, na wengi huandika ya upande mmoja kisha wakashangaa alama zilikoenda. Swali likisema "kwa kurejelea hadithi tatu", mbili hazitoshi na nne hazikuongezei kitu.

Utangulizi mrefu hauna alama hapa. Hii si Karatasi ya Kwanza. Sentensi moja inayolikabili swali inatosha, kisha hoja.

Hatua ya tano: ushairi

Ushairi huogopwa kuliko sehemu nyingine yoyote, nami nasema ndiyo sehemu ya haki zaidi, kwa sababu shairi linaletwa mbele yako. Hakuna kitabu cha kukumbuka. Maswali yake nayo yanajulikana: anwani au dhamira, muundo, bahari (yaani aina ya shairi), uhuru wa mshairi (ruhusa yake ya kukiuka kanuni za lugha), mbinu za lugha, nafsineni (anayezungumza ndani ya shairi), toni, na kuandika ubeti kwa nathari, yaani lugha ya kawaida.

Nimetunga ubeti huu tuufanyie kazi:

Nasimama ufuoni, jua linapochomoza,
Na wavuvi wa ziwani, mitumbwi waisogeza,
Samaki wamo kapuni, wateja wabembeleza,
Mwenye nyavu yu shidani, mwenye gari aongoza.

Anza na kuhesabu. Mishororo ni minne, kwa hiyo ni tarbia. Kila mshororo una vipande viwili, ukwapi na utao, kwa hiyo pia ni mathnawi. Mizani, yaani idadi ya silabi, ni 8 na 8, jumla 16 kwa kila mshororo. Vina vya ndani ni -ni, vya nje ni -za. Ukiwa na beti zaidi, angalia kama vina hivyo vinashikilia: vyote vikidumu shairi zima ni mtiririko, vikibadilika kila ubeti ni ukaraguni, upande mmoja ukidumu na mwingine ukibadilika ni ukara. Shairi moja huweza kuwa na bahari kadhaa kwa pamoja, kulingana na kigezo unachotumia. Ndiyo maana ukitaja bahari lazima utoe sababu. "Tarbia, kwa kuwa kila ubeti una mishororo minne." Bila sababu, jibu limebaki nusu.

Uhuru wa mshairi upo wapi? "Waisogeza" ni inkisari ya "wanaisogeza", limefupishwa kwa ajili ya mizani. "Mitumbwi waisogeza" limepindua mpangilio wa kawaida wa sentensi, na huko tunakuita kuboronga sarufi. Swali likiuliza, taja aina, nukuu mfano, na useme umetumikia nini, iwe ni mizani au vina. Kumbuka pia kinyume cha inkisari, yaani mazda, ambapo neno hurefushwa, na tabdila, ambapo neno hubadilishwa bila idadi ya mizani kubadilika.

Nafsineni ni mtu aliyesimama ufuoni akiyatazama maisha ya wavuvi, pengine pale Dunga. Usiandike "mshairi" panapotakiwa nafsineni. Toni ni ya masikitiko. Na nathari yake? "Nimesimama ufuoni alfajiri nikiwatazama wavuvi wakisogeza mitumbwi yao. Samaki tayari wako kapuni na wateja wanaomba kupunguziwa bei. Anayevua ndiye anayetaabika, ilhali anayesafirisha samaki kwa gari ndiye anayefaidi." Nimeacha vina, nimefuata mpangilio wa kawaida wa sentensi, na sikuongeza jambo lisilokuwemo. Hayo matatu ndiyo masharti ya nathari.

Shairi huru halitakuwa na mizani ya kuhesabu. Hapo tazama mishata, yaani mistari isiyojitosheleza kimaana, urudiaji wa maneno na miundo, na jinsi mistari mifupi ilivyowekwa peke yake ili isisitizwe. Fanya mazoezi ya shairi moja kwa wiki kuanzia Kidato cha Tatu, na usitazame majibu kabla hujaandika yako.

Hatua ya sita: fasihi simulizi, ambayo kwetu haijafa

Hapa ndipo mwanafunzi wa huku ana utajiri ambao hautumii. Nimeona vijana wa Bungoma wakikariri ufafanuzi wa nyiso, yaani nyimbo za jando, neno kwa neno, ilhali wamekua wakisikia sioyaye barabarani kila Agosti ya miaka inayogawika kwa mbili, wakati wa tohara ya Wabukusu. Kilichowakosa ni mtu wa kuwaonyesha kwamba kilicho kitabuni na kinachopita mbele ya lango lao ni kitu kimoja.

Kwa hiyo fanya hivi. Chukua daftari lililogawanywa kwa tanzu, yaani makundi makuu: hadithi, nyimbo, semi, maigizo, na mazungumzo. Chini ya kila utanzu andika vipera vyake, yaani aina ndogo zilizo ndani yake, kama mwalimu alivyovifundisha, kisha kwa kila kipera tafuta mfano mmoja wa kwenu. Nitaanza nawe.

Lwanda Magere ni mighani, ambayo baadhi ya vitabu huiita visakale: shujaa mwenye nguvu zisizo za kawaida, siri moja, usaliti wa mtu wa karibu, na kifo cha huzuni. Mweke kando ya Fumo Liyongo wa pwani, ambaye naye alisalitiwa na mtu wake wa damu, na umeshapata sifa nne za mighani kwa mifano miwili. Kisa cha Simbi Nyaima, ziwa lile karibu na Kendu Bay, kinaeleza jinsi kijiji kilivyozama baada ya wakazi kumfukuza bibi kizee aliyewaomba hifadhi. Mimi hukiweka kwenye visasili kwa sababu kinaeleza chanzo cha kitu na wenyeji hukisimulia kama jambo lililotokea. Anayeishi Nakuru ana masimulizi ya Menengai na vita vya Wamaasai wa Ilpurko na wa Ilaikipiak.

Nyimbo ni tele. Zile za wavuvi wakivuta nyavu ni kimai. Za kulima ni wawe, nazo zote zimo ndani ya kundi pana la nyimbo za kazi, hodiya. Za matangani ni mbolezi. Anayejisifu kwa majina na matendo yake kama wafanyavyo Waluo katika pakruok anatoa majigambo. Agwambo, jina ambalo wafuasi wa Raila Odinga walimwita, ni lakabu, yaani jina la kupanga. Isukuti ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega, ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014 miongoni mwa turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka, ni mfano mzuri wa jinsi ngoma, wimbo, uchezaji na hadhira vinavyofungamana katika utendaji mmoja. Tero buru ya Waluo, ambapo mifugo huswagwa kwa shangwe na ghasia kukifukuza kifo, na kumuse ya Wabukusu, anaposimama mlumbi kunena baada ya maziko ya mzee, ni miviga, yaani sherehe za kitamaduni. Hiyo ya pili ina ulumbi ndani yake pia.

Onyo moja lakini. Katika jibu lako jina la kipera liwe la Kiswahili. Andika "nyiso", si "sioyaye". Mfano wa kwenu ni ushahidi, jina la Kiswahili ndilo dai.

Maswali ya sehemu hii huja kwa sura tatu. Ya kwanza hukupa wimbo au kifungu na kukuuliza ni kipera gani. Toa jina na sababu kutoka kwenye maneno yenyewe: "Ni nyiso, kwa kuwa mwimbaji anamtaka kijana asitikisike mbele ya kisu." Huenda ukaulizwa pia shughuli za kiuchumi au kijamii za jamii hiyo, na jibu limo ndani ya wimbo. Ukitajwa mtumbwi, ni wavuvi. Zikitajwa ng'ombe za mahari, jamii hiyo hufuga na hutoa mahari. Sura ya pili huuliza sifa na umuhimu. Hapa jihadhari na "kuelimisha, kuburudisha, kuonya" vilivyotupwa tu. Sema vinaelimisha juu ya nini.

Sura ya tatu ni ya utafiti, na ndiyo inayowashika wengi: "Unakusudia kukusanya data kuhusu kipera fulani. Eleza mbinu utakazotumia na changamoto utakazokabiliana nazo." Anayekariri huandika mahojiano, hojaji, kushuhudia, kushiriki, kurekodi, basi. Aliyewahi kufanya hujibu kwa wepesi kabisa. Kwa hiyo fanya. Likizo ya Aprili au Agosti kaa na nyanya au babu jioni moja. Mwombe ruhusa kwanza, umweleze unachotafuta, urekodi kwa simu ya mzazi kama atakubali. Utaona changamoto zote kwa macho yako: atatumia maneno ya zamani usiyoyaelewa, atakataa kusema mambo ya jando mbele ya msichana au mbele ya mtoto, simu itaisha chaji, na atasimulia tofauti na shangazi alivyosimulia juzi. Hilo la mwisho ni sifa ya fasihi simulizi, si kasoro, na ukiliandika hivyo kwenye mtihani utakuwa umeandika jambo unalolijua.

Wanaouliza kuhusu Kiingereza na Gredi ya Kumi

Fasihi ya Kiingereza haina karatasi yake peke yake kwenye KCSE. Imetawanyika. Karatasi ya Pili, 101/2, ina kifungu kutoka kitabu cha lazima chenye alama 25 na shairi au hadithi simulizi ya alama 20. Karatasi ya Tatu, 101/3, ina insha mbili za vitabu, alama 20 kila moja. Jumla ni 85 kati ya 200, na mbinu ya dai na ushahidi haibadiliki.

Wanafunzi walio Kidato cha Tatu mwaka 2026 ndio wa mwisho wa mfumo wa elimu wa 8-4-4, na KCSE yao ya 2027 inafunga mlango huo. Wenzao walioingia Gredi ya Kumi Januari 2026 wanasoma kwa njia nyingine: Kiswahili ni somo la msingi, na Fasihi ya Kiswahili imesimama kama somo la kuchagua katika mkondo wa Sayansi za Jamii. Mtoto wako akiipenda fasihi, usimnyang'anye chaguo hilo kwa sababu jirani amesema halina kazi. Uandishi wa habari, sheria, ualimu, utangazaji na tafsiri vyote vinamhitaji mtu anayesoma kwa makini na kuandika kwa ushahidi.

Hatua ya saba: saa mbili na nusu zenyewe

Una dakika 150. Tumia kumi za kwanza kusoma karatasi yote, hata maswali unayodhani hutayajibu. Weka alama kwenye matatu unayoyachagua. Kigezo cha kuchagua kiwe sehemu kubwa ya swali, ile ya alama 10 au 12, wala si kipande cha kwanza chepesi. Wengi hushawishiwa na muktadha wa alama 4 wanaoujua, wakaja kukwama kwenye 12 zilizobaki.

Kila swali lipe dakika 33. Zikiisha, acha nafasi, nenda swali linalofuata. Maswali manne yaliyojibiwa kwa wastani huzidi matatu yaliyojibiwa kwa ustadi, kwa kuwa hoja ya tisa na ya kumi hutafutwa kwa jasho, ilhali hoja mbili za kwanza za swali jipya huja zenyewe. Dakika nane zitakazosalia zitumie kurudi kwenye nafasi ulizoacha na kukagua nambari za maswali, maana jibu lisilo na nambari humhangaisha anayesahihisha.

Swali la lazima si sharti ulijibu la kwanza kwa wakati. Kama limekutisha, anza na unaloliweza, mkono upate joto, kisha ulirudie. Andika majina ya wahusika kama yalivyo kitabuni, herufi kwa herufi. Na ukisahau jina la mhusika mdogo kabisa, mtambulishe kwa uhusiano wake na mwingine, "mamake fulani" au "mlinzi wa fulani", kisha uendelee na hoja. Usikae hapo dakika tano ukilitafuta jina.

Usiku wa kuamkia karatasi hiyo usifungue mwongozo wowote. Fungua daftari lako mwenyewe, lile la matendo na kurasa, ulipitie mara moja, ulale.